Mazizi Mawili, Bwawa Moja

Bwana Mifugo alikuwa mtu mwoga kuliko wote niliowahi kukaa nao, na hakuona aibu kulisema. "Mimi ni mwoga," alikuwa akisema, kwa sauti ile ile ambayo mwingine angesema mimi ni Mkatoliki au mimi ni seremala. Aliogopa radi, madaraja, uyoga, mbwa wasiobweka, na dereva anayecheka huku anaendesha. Alivaa saa mbili, moja kila mkono, na bado akikutana nawe njiani alikuuliza ni saa ngapi, ili apate ya tatu. Zikitofautiana alifuata iliyo mbele. "Bora niwahi nikae," alisema, "kuliko nichelewe nikimbie."

Nilimfahamu kwa zaidi ya miaka ishirini, na muda wote huo nilimwita Bwana Mifugo, kama alivyoitwa na kila mtu kuanzia kijijini kwake Daudi hadi kijiji cha Hirbadaw, hata baada ya serikali kuacha kumlipa kwa kazi hiyo. Karibu miaka yote hiyo nilimcheka. Nilikuwa nimesoma chuo kikuu, na huko niliambiwa kwamba hofu ni upungufu wa taarifa. Siku hizi naogopa vitu vingi kuliko alivyoogopa yeye, na taarifa ninazo.

Chukua barua zake. Kila barua aliiandika mara mbili kwa mkono wake, neno kwa neno, ya kwanza akampa kondakta wa basi la asubuhi, ya pili akampa kondakta wa basi la mchana, na akahakikisha mabasi hayo hayana mwenye mmoja. Mimi nilikuwa nafundisha sekondari mjini Mbulu, na nilizoea kupata habari ile ile mara mbili kwa siku: kwamba ndama amezaliwa, kwamba nisisahau kumtafutia sindano kubwa. Siku moja nikamwuliza kwa nini asitumie karatasi ya kaboni. Alinitazama kwa huruma.

"Nikikosea juu, kaboni itakosea chini yake, tena kwa utii," alisema. "Mkono ukiandika mara ya pili, unaisoma ile ya kwanza. Nakala ambayo hujaisoma siyo nakala, ni matumaini."

Niliwasimulia walimu wenzangu maneno hayo tukiwa tunakunywa chai, nikaigiza na sauti yake. Walicheka sana. Nilikuwa mwigizaji mzuri.

Lakini mtu huyo huyo aliyevuka daraja akiwa ameshika mkono wa mtoto wa shule, ndiye aliyeingiza mkono hadi begani ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, akiongea naye taratibu kama anayemwombea. Na ndiye aliyekwenda peke yake kwenye boma moja la Wabarabaig kule Dirma, zamani akiwa bado kijana wa kazi, kuwaambia wanaume waliosimama na mikuki yao kwamba kundi lao lina homa ya mapafu na halitatoka pale hadi atakaposema yeye. Nilimwuliza alifanyaje na woga wake.

"Nilikaa chini," alisema. "Magoti ya mtu aliyekaa hayaonekani yakitetemeka."

Wenyewe walidhani amekaa kwa heshima, wakaona kijana huyu wa serikali amelelewa vizuri, wakamletea maziwa. Aliyeyaleta alikuwa binti wa boma lile. Alisema alimwoa yeye kwa sababu ndiye pekee aliyeyaona magoti.

Mimi ni Mwiraqw kama Bwana Mifugo, na ndoa yao ilikuwa kitu cha kustaajabisha kwa majirani zetu. Mkewe alimsemesha kwa Kibarabaig, yeye akajibu kwa Kiiraqw, na wakitaka kugombana walihamia kwenye Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambamo kila mmoja wao alikuwa mgeni. Mimi Kibarabaig sikukijua, na mpaka leo sikijui. Nilikula ugali wa mama yule miaka mingi na sikuwahi kuelewa alichokuwa akimwambia mumewe kuhusu mimi, ila nilijua ni kuhusu mimi, maana mzee alikohoa.

Sasa ng'ombe. Hakuwahi kuwaweka pamoja. Kwetu hilo si jambo geni, watu wa milimani na watu wa bondeni wamewekeana ng'ombe tangu zamani. Unampelekea rafiki mitamba wako wawili, yeye anakunywa maziwa, wewe unapata usingizi. Ugonjwa ukiingia kwako, wa kule wamepona. Wezi wakipita kule, wa kwako wapo. Lakini Bwana Mifugo aliufanya utaratibu huo kuwa dini. Nyumbani Daudi alikuwa na watatu tu. Wawili walikuwa kwa shemeji yake Dirma, wanne kwa rafiki yake Hirbadaw, na mmoja kwa katekista; Bwana Mifugo alisema huyo wa mwisho ni wa kumkinga na wachawi, huku akicheka kidogo kuliko inavyotakiwa.

Tena yeye hakuridhika na umbali. Aliuliza maji. Kuna mtu mmoja alimwomba ng'ombe, mtu mwema, mwenye majani mazuri. Bwana Mifugo alitembea nusu siku kwenda kuangalia ng'ombe wa mtu huyo wanakunywa wapi. Akakuta wanashuka kwenye bwawa lile lile wanaloshukia wale wa rafiki yake wa Hirbadaw. Akarudi na yule ng'ombe aliyekuwa amemletea.

"Mazizi mawili yanayokunywa bwawa moja ni zizi moja," alimwambia yule bwana, mbele ya wake zake. Yule bwana hakumsalimia kwa mwaka mzima.

Mwaka uliofuata kimeta kiliingia kando ya bwawa lile. Rafiki yake alipoteza karibu kundi lote, na yule aliyenyimwa alipoteza lake. Bwana Mifugo aliwapoteza wanne wake waliokuwa huko, na aliwalilia kama mtu aliyeishiwa kabisa. Alikwenda kusimamia wasichunwe, wachomwe na kufukiwa kwenye mashimo marefu, akarudi hana sauti. Nilimwambia, kwa busara yangu ya chuo, kwamba angalau wengine sita wapo. Alinijibu kwamba katika hao sita yule mwekundu aliyekufa hayumo. Hofu yake haikumwondolea uchungu hata kidogo. Ilimwachia ng'ombe tu.

Zilipokuja siku za soko huria, majosho yaliachwa mikononi mwa wenye ng'ombe wenyewe, ambao waliyapokea kwenye mkutano na kuyasahau njiani. Bwana Mifugo alipewa barua ya kumshukuru. Alifungua duka dogo la dawa za mifugo pale kwake Daudi, ambalo halikufika popote kwa sababu alikataa kuuza dawa kwa mnyama ambaye hajamwona. Watu walikuja kununua chupa, wakaondoka na maswali. Alianza lini? Anakula? Analala upande gani? Ulipoona hivyo ulifanya nini? Swali hili la mwisho ndilo lililowafukuza, kwa sababu jibu lake mara nyingi lilikuwa: hatukufanya kitu.

Kitu kimoja alichobaki nacho kutoka miaka ya kazi ni redio kaseti na kanda thelathini na moja. Alikuwa amewarekodi wazee wa Mbulu na Hanang wakieleza magonjwa ya zamani na miti ya kuyatibu, kwa sababu aliogopa watakufa nayo, na kweli walikufa. Ila kabla ya kila safari alijaribu kwanza kama mashine inashika. Aliiweka mezani, akabonyeza, akamwambia mkewe: sema chochote. Na mama yule alisema chochote. Aliisemesha ile redio kwa Kibarabaig kama mgeni aliyetumwa na ofisi ya mumewe ambaye unaweza kumtukana bila yeye kujua. Alisema dakika moja, mbili, mpaka mzee alipobonyeza tena. Kisha alikwenda kwa wazee wake, na kanda ikaendelea kutoka pale.

Basi kila kanda ilianza na yeye.

Mama yule alifariki miezi michache kabla mkoa wetu haujakatwa kutoka Arusha. Hakuacha picha, isipokuwa moja ya ubatizo wa binti yao, na ndani ya hiyo ameangalia pembeni. Baada ya mazishi nilimkuta mzee sebuleni na redio yake, anasikiliza mwanzo wa kanda, anasimamisha, anarudisha, anasikiliza tena. Nilipokwenda mara nyingine redio ilikuwa imefunikwa kitambaa. Nikauliza kama imeharibika.

"Mimi ndiye ninayeiharibu," alisema. "Kila nikisikiliza inapungua. Umeona kanda inavyolegea? Sauti yake imeanza kuwa nzito kama ya mwanamume."

"Kwa hiyo husikilizi?"

"Naziweka."

Alikuwa anamwogopea. Alikuwa anazo dakika zake zote na hakuthubutu kuzigusa. Hapo ndipo mimi, msomi, nilipoingia.

Nilikuwa nimenunua kompyuta Arusha, mtumba iliyotoka Ulaya ikiwa tayari imechoka, na nilikuwa na cheti cha mafunzo ya wiki mbili. Nilitaka kuandika kitabu kuhusu dawa za asili za mifugo. Kitabu hicho bado sijakiandika. Nilimwambia mzee kwamba kanda zake zinaweza kuingizwa kwenye kompyuta.

"Zikishaingia hazichakai, mzee. Utasikiliza mara elfu, ya elfu itakuwa kama ya kwanza."

"Zinakaa wapi?"

"Kwenye diski. Humo ndani."

"Sehemu moja?"

"Mbili," nilisema, kwa kuwa nilimjua. "Nitaweka nakala kwenye C, na nyingine kwenye D."

"Hizo C na D zinakunywa wapi?"

Nilicheka. "Mzee, hii siyo ng'ombe. Hainywi."

"Kila kitu kinakunywa mahali, Mwalimu."

"Basi hii inakunywa umeme."

Hakucheka. Alikaa akiiangalia ile mashine, mkono kwenye saa yake ya kushoto. Halafu akainamisha kichwa, akasema, "Kama umesema."

Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi tangu wakati ule, hata pale ambapo hakuna mtu anayeyasema.

Kazi ilichukua jioni za miezi mitatu, maana kanda huingia kwa mwendo ule ule inaolia. Nilipomaliza, mama anayefundisha kwaya ya kigango alikuwa anatafuta kaseti za kurekodia mazoezi. Kaseti zilikuwa zimeanza kuadimika madukani. Nilimwuliza mzee kama tuwape hizi, sasa hazina kazi. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Kwaya wakachukua zote thelathini na moja, na wakarekodi kuanzia mwanzo, kama ambavyo mtu yeyote angefanya.

Baada ya hapo alikuwa akija Mbulu kila baada ya miezi michache. Alikaa kwenye kiti changu, kofia magotini, nikamfungulia, akasikiliza mianzo yote thelathini na moja, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilitoka nje nikamwachia chumba. Wakati mwingine nilimsikia akijibu. Akitoka aliniuliza kama zote zipo, nikasema zipo, akavaa kofia. Sauti yake ilikuwa imelegea. Mabega yameshuka. Siku moja alikwenda nyumbani bila kuniuliza saa. Nilikuwa nimemwona mtu yule, kwa mara ya kwanza, akiwa hana hofu, na mimi ndiye niliyemwondolea. Nilijivunia sana jambo hilo.

Kompyuta ilianza kulia mwaka wa tano. Ulikuwa mlio mdogo, tk, tk, tk, kama mende anayetembea juu ya bati, halafu kimya, halafu tena. Iliganda, ikazinduka. Nilikuwa nimegundua kwamba ukiipiga kofi ubavuni inanyamaza, na niliwaonyesha wageni ujanja huo. Wiki tatu niliipiga makofi. Siku ya Jumatatu niliiwasha, ikatoa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, ikisema haikuona kitu cha kuwakia.

Niliizima nikaiwasha. Niliizima, nikahesabu hadi mia, nikaiwasha. Nilisema Baba Yetu, ambayo sikuwa nimeisema kwa hiari tangu kidato cha pili, nikaiwasha. Tk, tk, tk. Nilikaa sakafuni kwa sababu kiti kilikuwa kimekuwa cha mzee, na sikuweza kukikalia.

Niliipeleka Arusha nikiwa nimeipakata kama mtoto mwenye homa. Fundi aliyenipokea alikuwa mtu mpole mwenye bisibisi nyuma ya sikio. Alitoa ile diski, akaiunganisha kwenye mashine yake, akaisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Hii kichwa chake kimegusa sahani," alisema. "Kila ukiiwasha kinakwaruza. Umeiwasha mara ngapi?"

Nikaanza kuhesabu, nikaacha.

"Nakala ipo lakini?"

"Ipo," nilisema. "Nimeweka kwenye D."

"D ipi?"

"D. C na D."

Aliiweka bisibisi chini. "Mwalimu, C na D ni hii hii." Akaigonga diski kwa ukucha. "Ni chumba kimoja kimepigwa mstari wa chaki. Kikianguka, kinaanguka na mstari wake. Hukuchoma hata CD?"

Nilikuwa na CD tupu kumi nyumbani. Nilikuwa nimezitundika bustanini kufukuza ndege. Zilifanya kazi nzuri.

Alijaribu siku mbili, akanipigia kuniambia hakupata hata faili moja, na kwamba nisimpe mtu mwingine ataniongopea. Nikarudi Mbulu na ile diski imefungwa kwenye leso. Basi lilipopanda mlima nilikuwa nafikiria jambo moja tu: yule mama amekufa tena, na safari hii nimemuua mimi, na mumewe bado hajui.

Hapo nikaanza kuogopa kwa utaratibu. Mzee alipotuma salamu kwamba anakuja, nilituma salamu kwamba umeme umekatika. Alipotuma tena, nikasema kompyuta iko kwa fundi, jambo lililokuwa kweli siku nne nyuma. Nilijifunza ratiba ya mabasi ya Daudi ili nisipite stendi. Siku ya mnada nilimwona kwa mbali akipita polepole kati ya wauza vitunguu saumu, ameshika fimbo ambayo hakuwa nayo zamani. Nikachuchumaa nyuma ya rundo la magunia. Nilikuwa na miaka arobaini na minne, mwalimu wa zamu wa wiki hiyo.

Nikaona viatu vyake vimesimama mbele ya magunia.

"Mwalimu," alisema, "umeangusha kitu?"

"Shikamoo, mzee. Nachagua kitunguu."

"Marahaba." Akaegemea fimbo. "Na kompyuta imepona?"

"Bado kidogo."

"Kidogo," alirudia. Aliondoka, nami nikanunua vitunguu saumu ambavyo tulivila mpaka mke wangu akauliza nimepatwa na nini.

Miezi minane ilipita hivyo. Kisha siku moja, asubuhi, kondakta akaniletea barua. *Njoo na ile kompyuta. Nataka kusikia. Nilikwenda hospitali, daktari amenipa tarehe ya kurudi lakini hakuniangalia usoni.* Nilifikiri naweza kusema haikunifikia. Mchana kondakta mwingine akaniletea barua hiyo hiyo. Niliziweka mezani pamoja. Hazikutofautiana hata nukta.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa bodaboda, kwa sababu ningesubiri basi ningerudi nyumbani. Nilimkuta amekaa nje juani kwenye kigoda, amekonda, macho yamekuwa na ukungu. Binti yake alikuwa amekuja kutoka Babati kumtunza. Nilimwamkia mzee, akaitikia, akaangalia mikono yangu.

"Kompyuta iko wapi?"

Niliitoa leso mfukoni, nikaifungua, nikamwekea ile diski kwenye kiganja. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri njiani. Nilisema, "Imekufa, mzee. Zote zilikuwa humu."

Aliigeuza ile diski, akaipima uzito, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake kama anayetafuta uvimbe. Halafu akaanza kuuliza, na niliyajua maswali yale kabla hayajatoka.

"Ilianza lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa nane."

"Ilionyesha dalili?"

"Ilikuwa inalia."

"Kwa muda gani?"

"Wiki tatu."

"Uliisikia wiki tatu." Akaigeuza diski tena. "Ulipoisikia ulifanya nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na miezi minane ya mazoezi. "Niliipiga kofi," nilisema.

Binti yake aliyekuwa anapepeta mahindi aliacha kupepeta.

"Na ile D?"

"Zilikuwa diski moja. Sikujua. Ulivyoniuliza, sikujua."

Alitikisa kichwa taratibu. Sikuona hasira usoni mwake, na ningeishukuru hasira. Niliona kile kilichokuwa kimeondoka miaka ile mitano kikirudi na kukaa mahali pake, kwenye mabega kwanza, halafu shingoni, halafu kwenye mkono ulioshika diski. Akaupeleka chini ya koti.

"Sitamsikia tena," alisema. Hakuwa akiniuliza.

Nilisema samahani, kwa Kiswahili, halafu kwa Kiiraqw. Katika lugha zote mbili lilikuwa neno dogo. Tulikaa. Kuku walipita kati yetu.

"Ulipokuwa unaziingiza," alisema baadaye, "ulisema kanda inalia mwendo wake wote. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Basi ulimsikia."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote jambo hili, na nilitumaini kufa nalo. Jioni zile nilikuwa nasahihisha mitihani. Lugha sikuielewa. Baada ya kanda ya kwanza nilikata sauti, nikaacha zinaingia kimyakimya huku nikiweka alama za vyema. Thelathini zilipita mbele yangu bila mimi kuzisikia. Nilimwambia hivyo, nikiangalia chini.

"Ya kwanza," alisema. "Hukukata sauti."

"Hapana."

"Sema."

"Mzee, mimi sijui Kibarabaig."

"Sijakuuliza maana. Sema ulivyosikia."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mbele ya msimamizi yeyote wa mtihani. Ningeweza kutunga mlio wowote, ila yeye angeujua, na mara hiyo ingekuwa wizi. Nilifumba macho. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha nikasikia kwanza kikohozi kidogo cha yule mama, cha kusafisha koo, halafu sauti ikishuka ngazi mbili, ikakaa, ikapanda ghafla. Nikafungua mdomo, nikautoa mlio ule kama nilivyoubeba, maneno nisiyojua yanaanzia wapi na kuishia wapi.

Binti aliyekuwa na ungo alifunika mdomo kwa mkono.

"Rudia," alisema mzee.

Nikarudia.

"Hapana. Mwisho aliupandisha zaidi."

Nikaupandisha mwisho. Alifumba macho. Midomo yake ikasogea, akamjibu kwa Kiiraqw, sentensi fupi ya kawaida kabisa, ya mtu anayeahidi kwamba anakuja sasa hivi. Sikumwuliza mkewe alikuwa amesema nini. Aliniomba nirudie mara nne. Ya nne hakusahihisha kitu.

"Jumapili uje," alisema. "Na Jumapili nyingine."

Niliaga. Alisimama, akakataa mkono wa binti yake, akanisindikiza kwa fimbo hadi barabarani, ambapo mtu wa bodaboda alikuwa ameegemea pikipiki yake chini ya mti wa mgrevilia. Nilipoinua mguu nipande, fimbo ikaja mbele ya goti langu.

"Huyu hapandi," mzee alimwambia.

"Mzee wangu, nimemleta mimi mwenyewe asubuhi," alisema yule bwana. "Amefika mzima."

"Amefika akiwa hana kitu. Sasa hivi anacho."

Yule bwana alinitazama, akatafuta mzigo mikononi mwangu, hakuuona. Akawasha pikipiki, akaondoka peke yake. Mzee alinionyesha jiwe kando ya barabara, akaniambia nisubiri basi, na nisizungumze na mtu. Nikakaa. Basi lilichelewa mno. Watu walipita wakanisalimu, nikawaitikia kwa kichwa, midomo ikitembea, nikiurudia mlio ule na kuurudia, nisije nikaushusha mwisho wake.